Karatasi Iliyokosekana Mrima

Alhamisi ya tarehe 7 Machi 2013 Kenya ilikuwa na sikio moja tu, nalo lilikuwa Bomas, kituo cha Nairobi cha kujumlisha kura za uchaguzi mkuu. Kura zilikuwa zimepigwa Jumatatu. Vifaa vya kuwatambua wapiga kura kwa alama za vidole vilikuwa vimezima katika vituo vingi, mfumo wa kutuma matokeo kwa elektroniki ulikuwa umekwama, na maafisa wa tume walikuwa wamerudia kalamu, fomu na magari ya kuzibeba fomu hizo hadi Nairobi. Taifa zima lilikuwa likihesabu maeneobunge. Siku hiyohiyo, serikali iliyokuwa ikifunga virago ilitoa karatasi nyingine ambayo watu wengi hawakuwa wakiingojea: leseni maalumu nambari 351, ya miaka 21, ya kuchimba madini katika kilima cha Mrima, Kaunti ya Kwale.

Anayetoka Diani kuelekea mpaka wa Lunga Lunga huiacha bahari mkono wa kushoto, akapita Msambweni, akapita nchi ya miwa ya Ramisi, na huko mbele upande wa bara akaanza kuona vilima vimesimama peke yao kwenye ardhi tambarare. Kikubwa ni Jombo. Kidogo, chenye msitu mzito kichwani, ndicho Mrima. Urefu wake haufiki mita 350 kutoka usawa wa bahari. Jina lake halina makuu: kwa Kidigo mrima ni mlima tu, ingawa Waswahili wa zamani walilitumia neno hilo kwa pwani nzima ya bara inayotazamana na Unguja.

Kwa Wadigo wa huko Mrima ni kaya, msitu wa mababu, mahali pa kuombea mvua na kuondolea balaa, penye njia zake na miiko yake. Mgeni wa Diani huijua kaya kupitia Kinondo, ule msitu wa kama hekta 30 ulio karibu na mahoteli, ambako huvua kofia na kujifunga kaniki kabla hajaingia, na akishaingia haruhusiwi kuondoka na chochote, hata kijiti kilichojiangukia chenyewe. Kinondo ni miongoni mwa kaya za Wamijikenda zilizotiwa katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO mwaka 2008. Imebaki kama kisiwa. Sehemu kubwa ya msitu uliokuwa umeifunika pwani ya Diani iligeuka viwanja na hoteli katika nusu karne ya utalii, na mbega walioachwa bila matawi ya kurukia wametundikiwa ngazi za kamba juu ya barabara wasigongwe na magari.

Mrima haukuliwa na hoteli kwa sababu uko mbali na mchanga mweupe. Ulikuwa na kishawishi cha aina nyingine.

Kilima hicho ni mabaki ya moto wa chini ya ardhi uliowaka mamilioni ya miaka iliyopita. Jiwe lake, la aina isiyopatikana kila mahali, lilioza polepole kwa mvua na joto likaacha udongo mzito uliobeba manganizi, niobiamu, na lile kundi la metali 17 ambalo wanasayansi huliita madini adimu. Ndani yake mna thoriamu pia, na waliopima mionzi ya asili ya Mrima walikuta iko juu sana ya kiwango cha kawaida. Mtu anaweza kushawishika kusema kwamba wazee walijua, kwamba mwiko wa kaya ulikuwa namna yao ya kusema mionzi. Hapana haja ya dai hilo. Waliulinda msitu kwa sababu zao wenyewe, na sababu hizo zilitosha.

Wanajiolojia wa serikali ya kikoloni waliutambua utajiri huo katika miaka ya 1950, na baada yao wakaja watafiti wengine kutoboa visima na kubeba mifuko ya sampuli. Wakaondoka. Bei ya niobiamu haikulipa gharama, na dunia ya wakati ule haikuwa na shida kubwa na madini adimu. Serikali huru ya Kenya nayo ikaendelea kuongeza vizuio juu ya kilima: ulikuwa msitu wa hifadhi, kisha mwaka 1992, serikali ilipoanza kuziandika kaya katika gazeti rasmi kama turathi za taifa, Mrima ukaandikwa. Mtu akitaka kuchimba hapo, mwiko wa wazee sasa ulikuwa na wenzake, mihuri ya idara tatu nne za serikali.

Kilichobadilisha mambo kilitokea mbali. Septemba 2010 China na Japani ziligombana juu ya visiwa, na shehena za madini adimu zilizokuwa zikienda Japani zikapungua ghafla. Bei zikaruka mwaka uliofuata. Viwanda vikashtuka kugundua kwamba karibu madini yote hayo yalitoka katika nchi moja, na makampuni yakaanza kufungua tena ramani za zamani. Neodimiamu hutengeneza sumaku ndogo zenye nguvu nyingi, zile zinazozungusha diski za kompyuta, mota za magari ya umeme na mitambo ya upepo, na kuelekeza makombora. Siriamu husugua vioo na vipande vya silikoni ambavyo hugeuzwa kuwa ubongo wa mashine. Kampuni ya Cortec, yenye wawekezaji kutoka Uingereza na Kanada, ilikuwa ikitafiti Mrima tangu miaka michache nyuma. Julai 2013, ikiwa na leseni mkononi, ikatangaza kwamba madini adimu yaliyo chini ya kilima kile yalikuwa na thamani ya dola bilioni 62.4.

Ni hesabu ya kwenye karatasi, ya mzigo ambao haujatoka ardhini. Hata hivyo ilikuwa zaidi ya pato zima la taifa la Kenya kwa mwaka kama lilivyohesabiwa wakati ule, na tarakimu ya namna hiyo ikishatamkwa hairudi mdomoni.

Kuna jambo jingine lililotokea Machi ile ile, ambalo Kwale halikusikika kabisa. Miezi michache nyuma, huko Toronto, profesa Geoffrey Hinton na wanafunzi wake wawili walikuwa wameshinda shindano la kompyuta la kutambua picha kwa kutumia mtandao wa neva uliofundishwa kwa vibao viwili vya kuchakata michoro ya michezo ya video. Mashine haikuelezwa paka ni nini. Ilioneshwa picha nyingi mno, kila moja na jina lake, hadi ikajijulia. Machi 2013, siku chache tu baada ya leseni ya Mrima, Google ikainunua kampuni ndogo ya watu hao watatu. Hapo ndipo mbio za akili unde, au akili mnemba kama wengine wasemavyo, zilipoanza kukimbiliwa na wenye fedha. Mashine hizo zinakula umeme, maji na metali. Kilima kilichokuwa na thamani kwa waombao mvua kikaanza kuwa na thamani kwa mbio hizo, pande zote mbili bila kujuana.

Tarehe 5 Agosti 2013 waziri mpya wa madini, Najib Balala, akafuta leseni zote zilizotolewa kati ya katikati ya Januari na katikati ya Mei mwaka huo, kipindi cha serikali moja kuondoka na nyingine kuingia. Zilikuwa zaidi ya 40. Ya Mrima ilikuwamo. Cortec ikaenda mahakamani Nairobi, ikashindwa katika Mahakama Kuu mwaka 2015 na katika Mahakama ya Rufani mwaka 2017. Wakati huohuo ilikuwa imefungua mlango mwingine: kituo cha Benki ya Dunia cha kusuluhisha migogoro ya wawekezaji, kule Washington, ambako iliidai Kenya zaidi ya dola bilioni 2.

Kesi za namna hiyo huzitia hofu serikali ndogo, na si bila sababu. Mwekezaji huja na mkataba wa nchi mbili mkononi, mawakili wa bei ghali, na hesabu ya faida ambayo angeipata lau angeachwa achimbe. Wasuluhishi watatu waliketi kuisikiliza Kenya ikijitetea. Oktoba 2018 wakatoa hukumu, na hukumu hiyo haikujengwa juu ya bilioni za chini ya ardhi wala juu ya hasira za waziri. Ilijengwa juu ya karatasi iliyokosekana. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inamtaka anayeanzisha mradi wa namna ile afanye kwanza tathmini ya athari kwa mazingira na kupata leseni ya mamlaka ya mazingira. Haikufanyika. Ridhaa za wenye msitu na wenye turathi hazikuwapo. Kwa hiyo, walisema wasuluhishi, leseni nambari 351 haikuwa leseni halali tangu siku ilipotolewa, na kitu kisichokuwa halali hakilindwi na mkataba wa uwekezaji. Ombi la kampuni la kubatilisha hukumu hiyo likatupwa Machi 2021.

Inafaa kuitazama kesi hii bila kuipamba. Kilima hakikuokolewa na mapenzi ya mtu. Serikali iliyotoa leseni ile ndiyo hiyohiyo iliyokuwa na sheria ya kuikataza, na maafisa wake waliruka ngazi walizozijenga wenyewe. Wazee wa kaya hawakuitwa Washington. Wakazi wenyewe hawakuwa na neno moja: wapo waliotaka kazi, kwani wakati ule ule mgodi wa titani wa Base Titanium ulikuwa ukijengwa Nguluku na Maumba, karibu tu na hapo, na malori na ajira zilionekana kwa macho. Kilichoshinda ni kifungu kikavu cha sheria kilichoandikwa miaka 14 kabla, wakati hapana aliyekuwa akiufikiria Mrima, kinachosema kwamba kabla hujachimba lazima kwanza uoneshe utaharibu nini. Kifungu hicho kilifanya kazi kwa sababu kilikuwapo kabla ya tamaa.

Kwale ina kumbukumbu ya hatari nyingine iliyokuja bila kifungu chochote. Jumapili ya tarehe 26 Desemba 2004, saa kumi kasoro dakika moja alfajiri kwa saa za Kenya, ardhi ilitetemeka chini ya bahari karibu na Sumatra. Diani ilikuwa imelala, hoteli zimejaa wageni wa Krismasi. Dakika 15 baadaye kituo cha tahadhari ya tsunami cha Hawaii kilikuwa kimeshatuma taarifa, lakini kilikuwa kituo cha bahari ya Pasifiki, kimeukadiria mtetemeko kuwa mdogo kuliko ulivyokuwa, na katika Bahari ya Hindi hakikuwa na mtu wa kumpigia simu kwa utaratibu uliokubaliwa. Indonesia, Thailand, Sri Lanka na India zikafunikwa moja baada ya nyingine. Wimbi likazidi kuja magharibi kwa mwendo wa ndege.

Pwani ya Kenya ilikuwa na saa nane hivi. Hapakuwa na mfumo. Palikuwa na televisheni. Habari za Asia zilikuwa zikipita kwenye skrini tangu asubuhi, na watu wenye vyeo, polisi na mabaharia wakaunganisha mambo. Mombasa, polisi walishuka fukweni kuwaondoa waogeleaji katikati ya sikukuu. Wimbi lilifika mchana, maji yakiwa bado yako chini, miamba ikiwa imejitokeza. Lilivuta na kusukuma, likakata mashua nanga. Kenya ilipoteza mtu mmoja, Malindi. Tanzania, ambako vijana walikuwa wakiogelea Dar es Salaam, walikufa watu wasiopungua 10. Somalia, karibu 300, wengi wao kwenye rasi ya Hafun na vijiji vya jirani ambako habari za televisheni hazikuwa na wa kuzibeba.

Tofauti kati ya Malindi na Hafun haikuwa jiolojia peke yake. Pale ambapo aliyeona alikuwa na mamlaka ya kusema tokeni majini, na walioambiwa walimwamini, watu walitoka. Baada ya msiba ule, nchi za Bahari ya Hindi zilikaa chini ya UNESCO na kujenga kilichokosekana: vipimo baharini, vituo vya kutoa tahadhari Australia, India na Indonesia vilivyoanza kazi mwaka 2011, na katika kila nchi afisi moja yenye kupokea taarifa usiku na mchana. Ilichukua vifo vya zaidi ya watu 220,000.

Sasa turudi kwa mashine za Toronto, maana zilikua.

Mei 2023 Hinton aliondoka Google ili aweze kusema alichokuwa akikihofia. Mwisho wa mwezi huohuo mamia ya wataalamu walitia sahihi tamko la sentensi moja, likisema kwamba kupunguza hatari ya akili unde kuangamiza wanadamu kunapaswa kuwa kipaumbele cha dunia sambamba na magonjwa ya mlipuko na vita vya nyuklia. Katika waliotia sahihi alikuwamo Sam Altman, mkuu wa kampuni ya OpenAI iliyokuwa imeitoa ChatGPT miezi sita nyuma. Ni jambo geni katika historia ya biashara kwa mjenzi kutangaza kwamba nyumba anayoijenga inaweza kuwaua majirani, kisha kesho yake akaendelea kupandisha matofali.

Si wote walioipokea hofu hiyo kwa namna moja. Timnit Gebru, mtafiti wa akili unde aliyezaliwa Addis Ababa kwa wazazi wa Eritrea, alikuwa ameshayaona madhara yaliyo karibu zaidi. Mwaka 2018, yeye na mtafiti mwenzake Joy Buolamwini walionesha kwamba programu za kutambua jinsia kwa sura zilikosea hadi karibu mara 35 kwa kila 100 zilipowatazama wanawake weusi, wakati kwa wanaume weupe makosa hayakufika hata moja kwa mia. Desemba 2020 aliondoka Google katika mzozo juu ya andiko lililoonya kuhusu mifumo mikubwa ya lugha. Yeye anasema alifukuzwa, kampuni ikasema alijiuzulu. Kwake, mazungumzo ya kiama cha mbali huwasaidia wenye makampuni kuyakwepa maswali ya leo: data ya nani, umeme wa nani, mshahara gani.

Ugomvi huo wa karibu na mbali unasikika Nairobi kuliko kwingine kote Afrika Mashariki. Kati ya mwaka 2021 na mwanzoni mwa 2022, vijana walioajiriwa na kampuni ya Sama walikaa mbele ya kompyuta wakisoma maelezo ya ubakaji, mateso na mauaji, na kuyabandika alama, ili mashine ya OpenAI ijifunze kuyakataa. Jarida la Time lilipoifichua kazi hiyo Januari 2023, liliandika kwamba walichobaki nacho mkononi ni kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Wenzao waliokuwa wakisafisha Facebook chini ya mwajiri huyohuyo walikuwa wameshafika mahakamani. Hawa ndio watu wa kwanza kuona yaliyomo ndani ya mashine, wanaokaa pale ambapo polisi wa Mombasa alisimama mwaka 2004. Tofauti ni kwamba polisi yule alikuwa na filimbi. Wao walikuwa wametia sahihi mikataba ya kunyamaza. Tarehe 1 Mei 2023 zaidi ya 150 walikutana Nairobi na kuazimia kuunda chama chao cha wafanyakazi, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikasema Meta, kampuni mama ya Facebook, inaweza kushtakiwa Kenya.

Kisha ikaja foleni ya KICC.

Wiki ya mwisho ya Julai 2023, maelfu ya Wakenya walipanga mstari nje ya jumba hilo la mikutano kutazama ndani ya tufe la rangi ya fedha lililopiga picha mboni za macho yao. Aliyetazama alipewa sarafu za kidijitali zilizothaminiwa kama shilingi 7,000. Mradi uliitwa Worldcoin, na mmoja wa waasisi wake alikuwa yuleyule Sam Altman. Sababu iliyotolewa ilikuwa na mantiki yake: mashine zitakapoweza kuigiza mtu katika kila jambo, itabidi mtu awe na njia ya kuthibitisha kwamba yeye ni mtu. Miezi miwili baada ya kuonya kuhusu hatari ya dunia, mwonyaji alikuwa akiuza kinga yake, na sehemu kubwa ya wanunuzi walikuwa vijana wasio na kazi waliohitaji hizo elfu saba.

Serikali ilisimamisha zoezi hilo tarehe 2 Agosti, baada ya macho ya watu zaidi ya laki tatu kuwa yameshachukuliwa nchini. Bunge likaunda kamati. Shauri likafika Mahakama Kuu, na Mei 2025 Jaji Roselyne Aburili akaamuru data hizo za macho zifutwe ndani ya siku saba, Kamishna wa Data akisimamia. Mtu aliyeifuatilia kesi ya Mrima angeitambua hoja hata kabla ya kusomewa majina. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayetaka kufanya jambo lenye hatari kubwa kwa haki za watu afanye kwanza tathmini ya athari. Haikufanyika ipasavyo. Karatasi ilikosekana.

Kesi mbili, moja ya udongo na moja ya macho, zimeamuliwa kwa swali moja, na Kenya ilikuwa na bahati ya kuwa na kifungu kinachofaa kwa kila moja. Kwa mifumo yenyewe ya akili unde kifungu cha namna hiyo bado ni chembamba mno. Anayetaka kufungua machimbo ya mawe Kwale lazima aoneshe vumbi litaelekea wapi. Anayetaka kuingiza sokoni mfumo mpya wenye uwezo ambao hata waliouunda hawajaupima wote, hukutana na sheria ya data, sheria ya makosa ya mitandaoni, na matamko.

Matamko yapo mengi. Novemba 2023 Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi 28 zilizokubaliana huko Bletchley Park, Uingereza, kwamba mifumo ya kiwango cha juu inaweza kuleta maafa na kwamba hakuna nchi itakayoyazuia peke yake. Philip Thigo, mjumbe maalumu wa Kenya wa teknolojia, aliketi katika jopo la Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa lililoandika mapendekezo ya namna dunia itakavyoisimamia akili unde. Novemba 2024, taasisi za usalama wa teknolojia hiyo zilipoanzisha mtandao wao San Francisco, Kenya ilikuwa mwanachama pekee kutoka Afrika. Si jambo dogo. Mwaka 2004 Bahari ya Hindi haikuwa hata na meza ya kukalia. Lakini mtandao huo hauna kituo chenye haki ya kuamuru mtambo uzimwe. Februari 2025, kwenye mkutano wa Paris, Marekani na Uingereza zilikataa kutia sahihi tamko la mwisho, na kuanzia hapo neno usalama likaanza kuachiwa nafasi na neno ushindani.

Tarehe 27 Machi 2025 Kenya ilizindua mkakati wake wa kitaifa wa akili unde wa hadi mwaka 2030. Siku nane baadaye, tarehe 4 Aprili, China ikaweka masharti ya leseni kwa usafirishaji wa aina saba za madini adimu, katika mvutano wake wa ushuru na Marekani. Mwezi huohuo makampuni mawili ya Australia, RareX na Iluka, yakatangaza kuungana kuitafuta haki ya kuchimba Mrima. Wanadiplomasia wa Marekani nao wakafika Kwale kukitazama kilima.

Mgodi wa Base Titanium ulikuwa umeshafunga kazi Desemba 2024, baada ya mchanga wake mzito kwisha, na wafanyakazi wamerudi makwao. Watu wa Mrima sasa wanajua mgodi unavyoanza na unavyokwisha, jambo ambalo mwaka 2013 walikuwa hawajaliona. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 imewaandikia asilimia 10 ya mrabaha, na katika mabaraza ya vijiji vilivyo chini ya kilima tarakimu hiyo huzungumzwa pamoja na makaburi, mashamba na visima. Atakayekuja na mashine za kutoboa ataipanda njia ileile ya udongo kutoka barabara ya Lunga Lunga, na juu ataukuta msitu, na kabla ya msitu ataulizwa na wenyeji amekuja na barua ya nani.